Majani Yaliyokataa Kuoza

Hebu niambie, umewahi kufukia majani ardhini, ukayafukua mwaka unaofuata, ukayakuta yamelala vilevile ulivyoyalaza?

Tabu aliyakuta hivyo. Ilikuwa Mahurunga, kwenye shamba la ujamaa, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijijini. Huko kazi inajulikana: mvua za kwanza zikishuka, unalima majani, unayafukia ndani ya tuta, yanaoza, ndipo unapanda. Mwaka uliotangulia ililetwa dawa ya unga ya kuua mchwa. Bwana shamba alisema inyunyizwe kidogo kwenye mashina. Lakini watu waliozoea kufukia, watafukia tu. Waliichanganya na majani humohumo tumboni mwa tuta, mchwa wafie mlangoni.

Mchwa walikufa, na vingine vyote vikafa nao. Tabu alipopasua tuta, mabua yalitoka makavu, yakavunjika kwa mlio. Udongo ulikuwa kama majivu, hauna harufu, hauna nyungunyungu hata wa kutia kwenye ndoano. Mihogo ilikuwa imegeuka manjano. Ila kwenye kona ya bondeni, dawa ilikoishia, jembe lilizama kwenye udongo mweusi, laini, na majani hayakujulikana tena.

Felista, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliwahi kuwaambia kuwa udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa jicho, na ndivyo vinavyoozesha majani yawe chakula cha mimea. Akina mama walicheka. Tabu ndiye aliyecheka zaidi.

Sasa magunia ya dawa yalikuja tena, pamoja na mbegu ya karanga ya kijiji. Alawi, mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa mumewe Tabu, aliamuru kazi ianzie kona ya bondeni, maana mwaka jana ilirukwa. Akamkuta shemeji yake amekaa juu ya tuta, kanga ameitandika, miguu ameinyoosha.

"Shemeji, hapo ndipo ulipopaona pa kupumzikia?"

"Pana ubaridi."

"Inuka basi, watu wafanye kazi."

"Nyunyiza tu. Huenda nami nina mchwa magotini."

Watu wakacheka. Alawi hakucheka.

"Kwenye mkutano wa kupanga kazi hii nilikuuliza, ukasema huna neno. Leo unagomea kazi ya kijiji?"

Ni kweli, mkutanoni alijibu hivyo, akichezea pindo la kanga. Tabu aliingiza mkono tutani, akachota udongo, akamwekea Alawi kiganjani. Akajivuta hadi tuta la jirani, akachota mwingine, akamjaza kiganja cha pili.

"Huu uliusahau. Huu uliupa dawa. Mbegu ya karanga ya kijiji utaiweka wapi?"

Alawi alivitazama viganja vyake. Udongo wenye dawa ulikuwa ukimponyoka kati ya vidole kama unga.

"Na mchwa wakiimaliza hiyo mbegu, nitawajibu nini watu?"

"Waambie Tabu aliikalia."

"Sema basi, shemeji. Unataka nini hasa?"

Tabu akakunja miguu, akakaa sawasawa.

"Nataka kona hii isiguswe na dawa. Tangu mkutanoni nilitaka kusema hivyo."