Shangazi Chini ya Leso

Simu ililia nikiwa jikoni kwa kanisa, Beltsville, Maryland, leso kichwani, sambusa mdomoni. Huo mwaka wa tisini na nane, kwa kikundi chetu chote ni mimi peke yangu nilikuwa na simu ya mkononi, kwa hivyo nilikuwa kama posta. Mtu akichelewa ananipigia mimi. Mtu akimtafuta mtu, ananipigia mimi. Nilikuwa nalala nayo.

"Wamaitha, bado niko kazini," ikasema sauti ya Leokadia.

Nikameza ile sambusa bila kutafuna. "Kazini gani? Leo?"

"Hapa hapa Rockville. Dada wa kunipokea zamu hajafika. Siwezi kuwaacha hawa wazee peke yao, mmoja yuko bafuni ananiita sasa hivi."

"Leokadia, tunaanza saa hii. Na mama yako amefika. Amekaa mbele kabisa, amebeba mkoba mapajani kama anangoja basi."

Huko nyuma yake nikasikia mzee anaita, Miss Leo, Miss Leo.

"Mshike Mwalimu kidogo asianze," akasema. "Nakuja." Akakata.

Sasa, kumshika Mwalimu Gervas ni rahisi kusema. Mwalimu alikuwa anafundisha muziki huko Moshi, alafu akaja Marekani akapata kazi ya kusimamia gereji ya maegesho chini ya jengo, na nafikiri hasira yote ya kukaa chini ya ardhi alikuwa anatuletea sisi kwa mazoezi. Alikuwa ametunga opera. Si igizo, usimwambie igizo. Opera ya posa ya kienyeji, Wakenya na Watanzania pamoja, na kila kitu kinaimbwa. Hata hodi inaimbwa. Kiplagat alikohoa siku moja kwa mazoezi, Mwalimu akasimamisha ngoma akamwambia, "Bwana mdogo, hapa ukitaka kukohoa, kohoa kwa noti."

Na alikuwa na sheria moja. Ngoma ikilia hujafika, nafasi yako imekwenda. Nafasi ya bibi arusi ilikuwa ya Leokadia, na nyuma yake alikuwa ameketi Audrey, anajua nyimbo zote, anangoja tu.

Siku nyingine ningesema sawa, Audrey aimbe. Lakini mama yake Leokadia alikuwa anarudi Tanzania Jumatatu. Miezi yote hiyo hapa Maryland alikuwa amemwona binti yake akitoka asubuhi na viatu vyeupe, akirudi usiku na miguu imevimba. Hakuwa amemsikia akiimba tangu shule. Leokadia alikuwa amemwahidi hii Jumamosi, na hakukuwa na Jumamosi ingine.

Nikamtafuta Elisante.

Elisante alikuwa kijana wa Arumeru, anasoma chuo mchana, jioni anaegesha magari ya watu hotelini. Kwa opera hakuwa na nafasi, kazi yake ilikuwa kuvuta pazia. Lakini sisi wote tulikuwa watu wa shifti, na kila mazoezi lazima kuna mtu hayuko, na asiyekuwepo Elisante ndiye anamshikilia. Amekuwa baba mkwe, amekuwa mshenga, siku moja amekuwa mbuzi. Aliyekosa mazoezi sana ni Leokadia. Kwa hivyo bibi arusi wetu wa mazoezi alikuwa Elisante, anaimba kwa ile sauti nyembamba kama birika limechemka, sisi tunacheka mpaka tunashika ukuta, yeye hacheki. Alijua kila mahali Leokadia anavuta pumzi.

Baada ya mazoezi alikuwa anampeleka Leokadia nyumbani na gari lake. Nilipanda nao siku moja. Kutoka Beltsville mpaka Silver Spring kijana alizungumza habari ya mvua.

"Si umwambie tu," nikamwambia kijana, Leokadia aliposhuka.

"Nimwambie nini, dada?"

"Anza na jina lake. Alafu uendelee."

"Dada Wamaitha, watu wamechoka, wanataka kulala," akasema, akawasha wiper na mvua ilikuwa imeisha.

Basi sasa nilimkuta nyuma ya pazia, nikamwambia. Hakuuliza maswali. Aliangalia kwa ule mwanya wa pazia, akamwona Mama na mkoba wake, akasema, "Nipe khanga."

"Ni leso."

"Dada, nipe."

Maana ile opera inaanza hivi: kama vile kwetu Wakikuyu tunafanya kwa ruracio, siku ya kuleta mahari, bibi arusi anafichwa kati ya wasichana wengine, wote wamefunikwa kutoka kichwa mpaka viatu, hata pua huioni. Bwana arusi anatakiwa kumtambua. Akikosea, anapigwa faini na anajaribu tena. Tulikuwa watatu chini ya leso: Audrey, mimi, na bibi arusi. Mwalimu ndiye anapiga ngoma, kwa hivyo anaona vichwa tu, hawezi kuinuka kukagua.

Nilimfunika Elisante na leso mbili kwa sababu moja ilimwishia magotini. "Kunja magoti," nikamwambia. "Bado. Kunja tena."

Simu ikalia tena. Leokadia, kwa simu ya kituo cha mafuta, Randolph Road. Dada wa zamu alikuwa amefika, sasa gari aliloazima kwake lilikuwa limechemka analimwagia maji. Nikamwambia haraka haraka: Elisante amekushikia, ukifika pitia jikoni, vaa leso yoyote, usijionyeshe.

"Elisante amefanya nini?"

"Amekuwa wewe. Kuja."

Ngoma ikalia. Tukatoka.

Chini ya leso huoni kitu, unaona miguu yako na sakafu. Simu niliishika mkononi, nimeizima sauti, imebaki kutetemeka tu. Tukasimama kwa mstari, mimi katikati. Watu wakapiga vigelegele. Alafu mtoto mmoja pale mbele akasema, wazi kabisa, "Mom, that one's a man." Nikasikia kofi dogo la mkono, na mama yake anamwambia nyamaza, heshimu watu.

Lakini mama yake Leokadia hakuna wa kumnyamazisha.

"Wa mwisho huyo si wangu," akamwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayefikiri ananong'ona. "Wangu hana mabega hayo."

"Ni khanga, mama, imejaa upepo," jirani akasema.

"Upepo gani ndani ya nyumba?"

Audrey kwa upande wangu wa kushoto akanusa. Akanusa tena. "Wamaitha," akasema chini ya pumzi, "Leokadia ameanza lini kujipaka aftershave?"

"Nyamaza, nitakununulia chochote unataka."

"Hajafika," akasema. Hakuongeza neno. Nilimsikia tu anafikiri, na niliogopa.

Kiplagat akaingia na wazee wake. Kijana mrefu wa Eldoret, sauti tamu sana, lakini ukimwambia songa kushoto anaenda kulia. Kwa mazoezi tulikuwa tumempigia hesabu: bibi arusi ni wa mwisho, nenda moja kwa moja kwa wa mwisho. Na leo, siku ya kwanza katika maisha yake, Kiplagat alikuwa anaenda pale alipoambiwa. Niliona viatu vyake vinapita Audrey, vinapita mimi, vinamwendea Elisante.

Huwezi kuongea. Kwa hivyo nikaimba. Hiyo sehemu wasichana wanaruhusiwa kumtania bwana arusi, basi nikatunga hapo hapo:

*Mgeni una haraka ya wapi,*
*bibi arusi bado anasuka,*
*amesuka upande mmoja,*
*upande mwingine uko njiani.*

Viatu vikasimama. Mwalimu akakosa pigo moja la ngoma. Huo mstari haukuwa wake.

Kiplagat si mjinga, ni mtu wa kulia na kushoto tu. Akarudi nyuma, akanifunua mimi.

Ukumbi ukalipuka. Faini, faini, wamama wakaimba, na wazee wa Kiplagat wakaimba kilio. Kwa mazoezi hatukuwa tumetungiwa faini hata moja, kwa hivyo wazee walibuni, wakabishana kwa noti kama mbuzi wa Kenya ni sawa na mbuzi wa Tanzania, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila mstari. Sasa nilikuwa wazi, naona watu wote, simu nimeificha chini ya kwapa.

Akaenda tena, pole pole kama mtu anachagua nyanya. Akamfunua Audrey.

Na hapo nikajua tumekwisha. Kwa sababu Audrey alikuwa amesimama wazi mbele ya ukumbi mzima, bwana arusi amemshika leso, nyimbo zote ziko kichwani mwake. Alihitaji tu kuanza. Nilimwona akivuta ile pumzi ndefu, pumzi ya wimbo wa bibi arusi, tunaijua wote. Elisante pia aliisikia, ile leso yake ikakaa tuli kabisa.

Mama akainama mbele, akamtazama Audrey juu mpaka chini.

"Huyu pia si wangu," akasema. "Lakini ni mzuri, amelelewa."

Audrey akacheka. Hakutaka, lakini ilimtoka puani. Na akiwa na ile pumzi yote kifuani akaimba kitu kingine: amekosea, amekosea, faini yake iwe mara mbili. Alafu akapita karibu yangu akaninong'onea, "Chochote, ulisema. Nakumbuka."

Faini ya pili ikaisha. Sasa alibaki mmoja. Hata mtu amelala angejua nani bibi arusi. Ukumbi wote ukaanza kuimba huyo, huyo, huyo, wanapiga makofi, na Kiplagat ananiangalia mimi na macho ya mtu anazama. Alisogea hatua ndogo. Aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alifunga na ya pili. Elisante, masikini, kwa sababu ilikuwa zamu ya bibi arusi kuitikia kutoka ndani ya leso, aliitikia. Aliimba ule ubeti wote na sauti ya birika, na nakuambia hakuna mtu alicheka, kwa sababu alivuta pumzi pale pale Leokadia anavuta. Hata Mama alikunja uso, akaweka mkoba chini.

Kwapa langu likatetemeka. Nikainua simu nyuma ya kichwa cha Audrey.

"Niko jikoni," akasema Leokadia. "Napiga na simu ya ukutani. Leso zimeisha."

"Chukua kitambaa cha meza."

Mlango wa jikoni ukafunguka, na hapo akaingia mtu amefunikwa na kitambaa cha meza cha maua, kina doa la chai, chini viatu vyeupe vya kazi. Alikuwa anahema, kitambaa kinaingia mdomoni na kutoka.

Mama akasimama. "Huyo," akasema. "Ndiye huyo. Mwacheni apite."

Kiplagat alikimbia. Bwana arusi hakimbii, lakini alikimbia, akamfunua, na Leokadia alikuwa na jasho, na sare ya kazi, na jina lake limebandikwa kifuani. Akafungua mdomo akaimba. Sitasema mengi hapo. Aliimba akimwangalia mama yake, na mama yake alisimama mpaka mwisho, hakuna mtu nyuma yake aliyemwambia akae.

Ni makofi yalipotulia ndipo mzee mmoja wa upande wa Kiplagat akageuka, akamwonyesha kidole yule aliyebaki. Akauliza, kwa noti, kama opera inavyotaka: na huyu tuliyemwacha ni nani?

Tukamwangalia Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameelewa zamani, shingo imefura. Aliangalia viatu vya Elisante. Aliangalia vile viatu vyeupe. Akapiga ngoma mara moja, akaimba kwa sauti nzito:

*Huyo ni shangazi, wa upande wa mama,*
*ametoka mbali, ana haya nyingi.*

Basi Elisante akawa shangazi. Tulimkalisha kwenye stuli, magoti yamekunjwa, leso mbili juu yake, na opera ikaendelea.

Mwisho wake ni kikombe. Wazee wanajaza kinywaji, kwetu ilikuwa tangawizi ya dukani, wanampa bibi arusi mbele ya watu wote. Anakunywa kidogo yeye kwanza, alafu anapiga magoti anampa yule aliyemkubali. Hakuna neno linasemwa. Ukipewa, umejua.

Leokadia alikunywa, akapiga magoti, akampa Kiplagat, kama ilivyoandikwa. Kiplagat akanywa. Ngoma ya mwisho ilikuwa ipigwe hapo. Lakini Leokadia hakuachia kikombe. Alikivuta kwake, akanywa kidogo tena, akavuka jukwaa na zile nguo za kazi mpaka kwenye stuli. Akapiga magoti. Akainua pindo la leso, inchi kidogo tu, akakisogeza kikombe hapo.

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha wa kumpa shangazi maji. Mimi na Audrey hatukucheka. Mkono ukatoka chini ya leso kupokea, mkono wa kiume na saa kubwa, ukakishika kwa haraka mpaka tangawizi ikamwagika kwa sare ya Leokadia, na yeye hakujifuta.

Mama alikuwa amesogea mpaka ukingo wa jukwaa, mkoba kwapani. Aliitazama ile saa. Alimtazama binti yake amepiga magoti.

"Shangazi," akasema, "mbona hujanisalimia?"

Leso ikatikisika kidogo. Na kutoka ndani, si ile sauti ya birika, sauti yake mwenyewe, nzito, ikatoka:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama. "Maliza kwanza kunywa, mwanangu. Tutaongea."