Gari la Kurudi Nyuma

Miaka kumi na minne ya kutengeneza magari hapa Garissa imenifundisha kwamba mtu anayetafuta gari huuliza mambo matatu: injini ikoje, linakunywa mafuta kiasi gani, na mwenyewe anauza kwa nini. Bishara hakuuliza hata moja. Jumatatu asubuhi aliegesha kigari chake cha kwendea dukani mbele ya gereji yangu, akanisalimia, kisha akatoa kwenye mkoba kamba ndefu ya katani yenye mafundo mawili.

"Fundi Kioko, nataka gari ya kuvuta trela. Lakini kwanza niambie, gari gani inajua kurudi nyuma?"

Nikacheka. Nina kicheko kibaya, mke wangu ameshanionya mara nyingi. "Dada yangu, hakuna mtu anayenunua gari ili arudi nyuma."

"Mimi nanunua," akasema, akakaa juu ya tairi kuukuu na kunieleza.

Mama yake, Nurto, anafuga mbuzi na ngamia wachache ng'ambo ya Modogashe. Malisho yako mbali, kisima cha mashine kiko mbali zaidi, na mvua zimekataa. Kwa hiyo Bishara amenunua trela la tangi la lita elfu mbili awe anampelekea maji. Tatizo ni kisimani penyewe. Pale watu hunywesha kwa zamu, na trela hupewa nafasi moja tu: ngamia wa zamu iliyopita wakishaondoka, na mbuzi wa zamu inayofuata hawajafika. Tena gari haliruhusiwi kuzungukazunguka uwanjani, kwa sababu mnyama mwenye kiu akishtuka hukimbia bila kunywa, na mwenye mnyama huyo hatakusamehe mwaka mzima. Kuna njia moja nyembamba yenye ua wa miba pande zote mbili, na trela huingia humo kinyumenyume hadi chini ya bomba. Mbuzi wa watu wakifika langoni kabla hujafika bombani, unatoka na tangi lako tupu, na husemi neno.

"Nimekodi gari mara mbili. Mara mbili dereva ameingia kwa miba, mbuzi wakafika, tukatoka."

Kaka yake mkubwa, Keynan, alikuwa amekwisha kuamua. Zamu ya Alhamisi hiyo ikipotea, angempakia mama yao kwenye lori na kumleta Garissa, akae katika chumba cha nyuma nyumbani kwake, na mifugo iuzwe.

"Hoyo, mama yangu, akifungiwa chumba atakufa, fundi. Sisemi mchezo."

Sikucheka tena. Lakini jibu nilikuwa nalo tayari. Nyuma ya gereji palikuwa na gari fupi la Yahye, muuza nafaka, jipu la kuuzwa ambalo injini yake niliifufua mimi mwenyewe kwa mikono hii. Lilikuwa na nguvu ya kung'oa mti. Nikamzungusha Bishara, nikafungua boneti, nikaungurumisha injini mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Yeye alisikiliza kwa adabu. Kisha trela lake likaletwa, tukalifunga nyuma ya jipu, naye akaanza kupanga matairi makuukuu uani, safu mbili, huku akipima kwa kamba yake. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa ile njia ya miba. La pili lilikuwa urefu wake, kutoka langoni hadi bombani. Alikuwa ameipima kwa mikono yake, akatobolewa na miba, na alama bado zilikuwa viganjani.

"Haya, fundi. Ingiza."

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mteja. Mimi sijui kurudisha trela. Naweza kufungua gia boksi nimefumba macho, lakini maisha yangu yote matrela yameletwa kwangu na madereva wake na yameondoka nao. Nikaingia kwenye jipu kwa ujasiri wa kuazima. Nilipokata kulia, trela lilikwenda kushoto. Nilipolifuata, likajikunja kama kisu cha kukunja, kona ya tangi ikagonga mlango wa jipu la Yahye. Nikashuka nikayalaumu matairi, nikailaumu ardhi, nikamlaumu na paka aliyekuwa amelala zake kivulini.

Bishara hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa amechuchumaa anaangalia alama za magurudumu mchangani.

"Kwa nini imejikunja haraka hivyo?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi hasa.

Swali hilo likaniganda. Saa ya chai nilichukua kiberiti, nikakifunga kwa waya nyuma ya kiberiti kingine, nikawa navisukuma kinyumenyume juu ya meza ya hoteli. Vilijikunja papo hapo. Kisha nikachukua pakiti ndefu ya biskuti, nikaifunga kwa waya ule ule mahali pa kiberiti cha mbele. Pakiti ilikuwa nzito kugeuka, lakini kiberiti cha nyuma kilifuata taratibu, na nilipokosea nilipata muda wa kusahihisha. Nikarudia mara kumi. Mwenye hoteli akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia aniongeze chai, na aniache.

Nikarudi gereji mbio. "Ni urefu!" nikamwambia Bishara. "Jipu ni fupi, ukigusa usukani kidogo linageuka mzima mzima, na trela linapigwa kumbo. Gari refu linageuka polepole."

"Na nilipokaa kwa jipu sikuona trela," akasema. "Tairi ya spea imeziba kioo."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na sikuwa nimeliona. Tukaanza upya, sasa wawili wenye udadisi. Jumanne tulijaribu lori dogo. Kwa urefu lilifaa, ila lilikuwa pana, likala matairi pande zote mbili. Tukajaribu trekta la shamba moja la kando ya Tana. Liliingia vizuri, lakini nilipokadiria safari yake hadi ng'ambo ya Modogashe tukaona lingefika Ijumaa.

Jumatano Bishara akasimama mbele ya pikapu nyeupe ya kuuzwa, niliyoionea haya hata kumwonyesha. Ilikuwa ndefu, ya kabini moja, rangi imebabuka, injini ndogo yenye sauti ya mzee anayekohoa. Karoseri yake, pale pa kubebea mzigo, ilikuwa wazi na ya chini. Ukikaa kwa dereva na kugeuka, unaiona ndoano, unaliona tangi, unayaona magurudumu yote mawili ya trela. Tena ilikuwa na gia nzito ya kuvutia mchangani, magurudumu yote manne.

"Hiyo haina nguvu," nikasema kwa mazoea.

"Fundi, kwetu ngamia ya mzigo hatuchagui kwa mbio. Tunamtazama akipiga magoti na akisimama na mzigo. Kama ametulia, huyo ndiye."

Akaingia. Alishika usukani kwa chini, si kwa juu, mkono mmoja. Mkono ulipokwenda kulia, mkia wa trela ulikwenda kulia. Kushoto, kushoto. Aligundua peke yake, kwa kuuchezea. Akaangusha tairi mara sita. Kila trela lilipoanza kujikunja hakuhangaika, alivuta mbele kidogo, akalinyoosha, akaanza tena. Jioni aliingia mara tatu mfululizo bila kugusa kitu, na mimi nikapiga makofi peke yangu uani.

Alhamisi tulitoka Garissa alfajiri kwa pikapu ile, sasa yake. Nilipanda naye kuangalia injini, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona.

Tulifika kisimani saa nne. Lori la Keynan lilikuwa limetutangulia, na nilipoona kilichopakiwa juu yake moyo ulinishuka. Mikeka ya kufunikia nyumba ilikuwa imekunjwa, fito zilizopinda zimefungwa pamoja, vibuyu vya maziwa vinaning'inia ubavuni. Alikuwa amekwisha kuibomoa nyumba ya mama yake. Nurto alisimama kando na fimbo yake, mwembamba, amenyooka, haitazami.

"Keynan, zamu haijapita," Bishara akamwambia.

"Nimeona zamu mbili zikipita, abayo, dada yangu. Sitaki siku moja nije nimkute hoyo amekauka." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia mtu huyu, nikashindwa.

Olow, msimamizi wa kisima, akainua mkono. Ngamia wa mwisho walikuwa wakitoka, na kwa mbali vumbi la mbuzi lilikuwa limeshaonekana.

Bishara akasema bismillahi, akaanza kurudi. Nusu ya kwanza ilikuwa safi. Kisha gurudumu la trela likapanda kinyesi kikavu cha ngamia kilicholundikana, tangi likainama, likachapa miba. Nikatoka kando ya bomba nilikokuwa nikingoja, nikakimbilia nyuma ya trela na kuanza kupiga kelele: kulia, kushoto, simama, hapana, kulia! Vumbi lilikuwa karibu, nilisikia kengele za mbuzi. "Nipe usukani!" nikapaza sauti, mimi, mtu wa viberiti.

"Fundi, nyamaza! Sikuoni!"

Ni kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi, mahali ambapo kioo hakifiki. Nurto ndiye aliyelifahamu hilo. Mwanamke huyu hajawahi kushika usukani, lakini miaka yote amesimama mbele ya ngamia wa mizigo, mahali ambapo mnyama anamwona. Akanisukuma pembeni kwa fimbo, akaenda kando ya bomba upande wa dereva, akatafuta mpaka akauona uso wa binti yake kwenye kioo, ukimtazama. Akainua fimbo.

"Bole bole," akasema kwa Kiswahili chake, yaani pole pole.

Bishara akavuta mbele, akanyoosha, akarudi. Fimbo ikainama kidogo huku, mkono wa Bishara ukaenda huku. Fimbo ikanyooka, trela likanyooka. Mbuzi wa kwanza alipoweka mguu langoni, Nurto aligonga tangi kwa fimbo, ngo! Bomba lilikuwa juu ya mdomo wa tangi.

Olow akatazama langoni, akatazama bombani, akafungua maji.

Kutoka na lita elfu mbili ndiko kulikonitia hofu, maana mchanga pale ni laini. Nikapunguza upepo kwenye magurudumu, Bishara akaweka gia nzito, na kile kiinjini nilichokitukana kikakohoa, kikakohoa, kikatutoa. Keynan alitazama yote hayo amekaa kwenye lori. Kisha akawasha, akafuata trela.

Mchana tulifika malishoni. Ardhini palikuwa na duara, pale nyumba ilipokuwa imesimama hadi asubuhi ile, na katikati jivu la jiko lilikuwa bado halijapeperushwa. Bishara alirudisha trela hadi ukingoni mwa duara bila kuelekezwa na mtu. Nurto akaingia ndani ya duara, mahali palipokuwa na mlango, akamgeukia mwanawe wa kwanza. Kisomali changu ni cha gereji, lakini maneno haya niliyaelewa.

"Keynan, shusha nyumba yangu."

Keynan akapanda juu ya lori. Akaanza na fito, kisha mikeka, mmoja mmoja, akimkabidhi mama yake mkononi. Mkeka wa mwisho alishuka nao mwenyewe, akauliza auweke wapi.