Uzito wa Mkoba

Risasi ilidondoka kwenye shuka, ikabiringika taratibu, ikasimama kwenye kisigino cha mjukuu wangu Lucky. Alikuwa na miezi mitano, amelala chali, mdomo wazi. Juu ya kitanda hichohicho dada yake Nice, wa miaka minne, alikuwa amekaa katikati ya mikoba ya wageni, analia kwa sababu amenyang'anywa kitu. Wifi yangu Esther alisimama na bastola mkononi, mtutu ameuelekeza ukutani.

"Nilitoa magazini," nikamwambia. Nikakichomoa kile kikasha cha risasi kwenye mfuko wa koti nimwonyeshe, kama mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari.

Bastola ilikuwa ya marehemu mume wangu, Elihuruma. Alipoomba kibali chake walimzungusha weee: barua ya serikali ya mtaa, alama za vidole, kisha mafunzo. Alienda kulenga shabaha siku kadhaa, akarudi ananisimulia kwamba siku ya kwanza mwalimu hakuwaruhusu hata kuigusa. Mimi nilicheka. Nilimwambia mtu mzima, mwenye duka na familia, anafundishwaje kushika kipande cha chuma. Aliifungia kwenye sanduku, ufunguo akawa anauvaa shingoni, na alipozidiwa hospitali aliuvua akanipa, kwa maneno machache. Alisema Esther anajua la kufanya.

Esther ni dada yake, na alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu. Siku ya kuanua tanga aliniita jikoni.

"Wifi, kibali kilikuwa cha kaka, hakikuwa cha nyumba. Tuirudishe polisi wiki hii. Nitakusindikiza."

Nikamwambia asinipangie. Mimi ni mkaidi, sikatai, na wakati ule nilikuwa na uchungu. Kila mtu alikuwa anakuja kuchukua kitu cha Elihuruma, huyu koti, yule saa ya mkononi, sasa na huyu anataka kinga yangu. Nafunga duka la vifaa vya ujenzi pale Kaloleni peke yangu kila jioni, nani atanilinda, yeye?

Basi nikaibeba. Miaka mitatu ilikaa ndani ya mkoba wangu, nimeiviringishia kitambaa cha kichwa, pamoja na kitabu cha nyimbo na pipi za wajukuu. Mwanzoni nilikuwa naisikia kila nikipiga hatua. Baadaye nikaizoea kama funguo. Sikuwahi kuipiga, wala sikujua inavyopigwa. Nilijua jambo moja tu: kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, wenyewe wanakiita magazini, ukikichomoa basi bastola haina kitu. Nani alinifundisha? Hakuna. Niliona ni suala la akili ya kawaida.

Wiki moja kabla ya risasi ile kudondoka kitandani nilikuwa natoka Moshi, tairi likapasuka karibu na Kikatiti. Kabla sijashuka, vijana wawili wakavuka barabara wanakuja upesi kwenye gari langu, mmoja ana chuma mkononi. Nikazamisha mikono yote miwili kwenye mkoba, nikaishika, nikavuta ile sehemu ya juu kwenda nyuma kama nilivyowahi kumwona Elihuruma akifanya, nikaiachia. Kijana akainama dirishani.

"Shikamoo mama. Una jeki, au tutumie yetu?"

Anaitwa Solomoni, ana gereji ng'ambo ya barabara, na kile chuma kilikuwa spana ya magurudumu. Alinibadilishia tairi, nikamshukuru kwa mkono uleule uliokuwa umeishika bastola. Mpaka leo nikipita Kikatiti natazama upande mwingine. Aibu.

Kilichotokea mle ndani ya mkoba sikukijua. Askari wanaita kukoki: ukivuta vile na kuachia, risasi moja inatoka kwenye magazini, inapanda mbele kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, inakaa inasubiri. Nilifika nyumbani nikapika, nikasahau kwamba nilivuta kitu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa kipaimara cha Hope, mjukuu wa Esther, nyumbani kwao Themi. Nilipoegesha gari nikachomoa magazini, nikaitia kwenye mfuko wa koti, nikajiona mtu makini kweli. Nakwenda kwenye watoto bwana, siwezi kuingia na risasi. Mlangoni Esther akanipokea mkoba, kama mgeni yeyote anavyopokewa. Akausimamisha mkononi kidogo, kama anayepima uzito.

"Wifi, umebeba misumari ya dukani?"

Nikacheka, nikasema ni kitabu cha nyimbo. Alinitazama, kisha akaupeleka chumbani kwake, akauweka kitandani pamoja na mikoba mingine ya kina mama, palepale wanapolazwa watoto wachanga wakisinzia. Ndivyo tunavyofanya kila sherehe. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ndani kuna nini.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, ilikuwa inakatwa Nice alipokuja kunivuta gauni. Anataka pipi. Nilikuwa nimekaa vizuri chini ya turubai, sahani mapajani, shemeji zangu wananitania.

"Kachukue kwenye mkoba wa bibi," nikamwambia.

Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Wala sikukumbuka. Esther alikuwa nyuma yangu na jagi la maji ya kunawa. Nikasikia jagi linawekwa chini, nikamwona anaingia ndani. Hakukimbia, alitembea tu, lakini nilikuwa sijawahi kumwona akitembea vile. Mwendo wake ndio ulionikumbusha, na sahani yangu ikaanguka.

Nilifika mlangoni ameshamnyang'anya. Akavuta ile sehemu ya juu, ndipo risasi ikadondoka pale kwenye kisigino cha Lucky, nami nikamwonyesha magazini yangu.

"Magazini ulitoa," Esther akasema kwa sauti ya chini. "Ya chemba je?"

"Chemba ipi?"

Ndivyo nilivyomuuliza. Miaka mitatu natembea nayo.

Hakunitukana. Ningetamani angenitukana. Aliokota risasi, akamfunika mtoto mguu, akaniambia kwamba Nice alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anachungulia kwenye tundu akitafuta pipi. Nikakaa sakafuni. Uani kina mama walikuwa wanamwimbia Hope, na katika sauti zile niliisikia ya binti yangu Evelyn, mama wa watoto wale, iko juu kuliko zote.

"Nani anamwambia Evelyn?" Esther akauliza.

"Mimi."

"Leo."

"Leo, wifi."

Evelyn alinisikiliza akiwa amesimama. Sikupunguza neno, hata lile la kumtuma mtoto. Alimvalisha Lucky sweta ingawa jua lilikuwa kali, akamshika Nice mkono, akaondoka kabla ya keki.

Jumatatu asubuhi Esther alinisindikiza polisi, kama alivyokuwa amesema miaka mitatu nyuma. Tuliiweka mezani ikiwa kwenye kitambaa kilekile. Afande akauliza kabla hajaigusa.

"Mama, ina risasi?"

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu Esther akizitoa risasi zote.

"Sijui, afande," nikajibu.

Mahakamani, kwa kukaa na silaha bila kibali, nilipewa kifungo cha nje, mwaka mmoja, na sikuona nimeonewa. Dukani wateja hubishana mambo haya. Wengine wanasema mtu mwenye mali zake aachwe abebe, mafunzo ni usumbufu wa maofisini tu. Zamani ningewaunga mkono. Siku hizi nawauliza chemba iko wapi. Wengi wanaonyesha kwenye mpini, nami naendelea kuwapimia misumari yao.

Evelyn alikaa miezi minne bila kuniletea watoto. Sikumlaumu, ila nililia, siwezi kudanganya. Kisha siku moja akanipigia simu, akasema Nice ananiulizia.

Sasa nakwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada. Ananifungulia mlango, ananiamkia, ananipokea mkoba kama nilivyomlea. Kabla hajauweka mezani anausimamisha kidogo mkononi. Anadhani sioni. Mimi husimama palepale mlangoni mpaka amalize.