Huruma ya Shemeji

Shemeji yangu ana huruma. Usiniulize mimi, waulize watu wote walio kwenye simu yake, maana aliwatangazia mwenyewe, kajipiga picha na watoto watatu wa paka kifuani, kichwa kakilaza upande na macho kayalegeza. Chini akaandika kwamba mama yao amewatupa, naye roho haikumpa kuwaacha wafe. Watu wakammwagia sifa, naye akavimba kichwa kwa kilemba kile cha ukoka.

Aliwakuta kwenye stoo ya duka lake, nyuma ya makopo ya rangi. Walikuwa wamelundikana juu ya gunia kuukuu, matumbo yametuna, wamelala fofofo. Haya aliyasimulia mwenyewe bila kujua anasema nini. Mtoto wa paka aliyetupwa halali fofofo, hulia mpaka sauti inamkauka. Mama yao alikuwa ametoka kutafuta cha kutia tumboni, kwa sababu anayenyonyesha naye hula. Lakini shemeji akichungulia mahali asimwone mama, basi mama hayupo duniani. Akawatia kwenye boksi la viatu, akaja nao nyumbani.

Nyumbani yupo mdogo wangu, mkewe, aliyejifungua juzijuzi. Nilikuwa nimewaachia mafundi karakana yangu ya makochi nije kumsaidia. Nilimkuta macho yameingia ndani, ziwa moja limevimba na linamuuma hata nguo ikiligusa. Mtoto akilia usiku ni wake peke yake, kwa kuwa shemeji alishahamia sebuleni na mto wake. Kelele zinamkatisha usingizi, alisema, na asubuhi ana duka la kufungua. Nilimwambia mdogo wangu kwamba siku ya kuondoka nitaondoka naye na mtoto, akapumzike kwangu. Hakutaka. Alisema mume wake si mbaya, hajui tu, mikono ya wanaume ni mizito kwa vichanga, atazoea. Akaniomba nisije nikamtolea uvivu. Nikamkubalia, ingawa ulimi uliniwasha.

Siku niliyopanga kuondoka ndiyo siku boksi lile lilipoingia. Na shemeji, ambaye mpaka leo anauliza nepi zinakaa wapi, ghafla alijua kila kitu kinakaa wapi. Akachukua taulo la mtoto. Akachukua chupa ya mtoto, ile ya kuwekea maziwa anayokamua mdogo wangu. Akamimina humo maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kwenye friji, akamlaza chali kiganjani paka mdogo kuliko wote, akamsokomezea chuchu ya plastiki isiyoenea hata mdomoni. Maziwa yakatokea puani. Shemeji akasema ameshiba.

Nilimnyang'anya. Mimi si mpenzi wa paka, lakini huzaa kila mara kwenye mabaki ya sponji karakanani kwangu, na mtu mwenye macho huona. Nikamwinamisha yule paka mdogo kichwa chini, nikamfuta pua, akapiga chafya akapumua. Mwili wake ulikuwa baridi kama bilauri. Nikamweleza shemeji pole pole, jinsi ninavyowaelekeza wateja wakaidi, kwamba mtoto wa paka ambaye hajafumbua macho hawezi kujipasha joto, na humpi chochote mpaka apate moto, maana tumbo la baridi halisagi kitu. Hunyonya akiwa kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara kwa kiumbe kama kile ni kifo. Hata mkojo hautoki wenyewe, mpaka mama amlambe, na asiye na mama hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu. Mwisho nikamwambia kwamba haya yote ya nini, wakati mama yao yupo na sasa hivi anazunguka stoo akiwaita.

Alisikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Akachemsha maji, akayapoza kidogo, akayatia kwenye chupa ya soda, akaiviringishia taulo na kuwalaza pembeni yake. Akasubiri. Alikuwa akiwagusa matumbo kwa mgongo wa kidole kuona kama wamepata joto. Kisha akapiga magoti kwenye zulia na pamba yake, akawapangusa mmoja mmoja, na yule mdogo alipokojoa, shemeji akacheka kwa furaha ya kweli. Akanipa simu nimpige picha. Nilikataa.

"Usiku nitaamka nao," akasema. "Viumbe vidogo hivi, shemeji, utavilazaje na njaa?"

Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mtoto begani, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Alikuwa akiiangalia mikono ya mumewe, ilivyo miepesi, inavyojua kukunja taulo bila kubana. Mikono haikuwa mizito hata kidogo. Nilimwonea uchungu kuliko siku zote nilizokaa pale.

Akasogea, akamnyooshea mtoto.

"Mshike kidogo nikajilaze. Ziwa linaniuma."

Shemeji akaonyesha viganja vyake, kwamba vimejaa. "Huyo si ana mama yake," akasema, tena kwa upole, bila hata kuinua macho.

"Hata hao wana mama yao," akajibu mdogo wangu.

Hakupaza sauti. Aliingia chumbani, nikadhani amekwenda kulia, nikamfuata. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi, macho makavu. Nikambeba mtoto ili amalize. Alipotoka aliinama mbele ya mumewe, akachukua boksi na paka wake na taulo lake. Shemeji aliuliza anawapeleka wapi. Akaambiwa. Alilalamika kwamba watu wameshaanza kumuuliza wanaendeleaje, na mimi nikamfungulia mdogo wangu mlango.

Njiani kwenda kwangu tulipitia dukani. Msichana anayeuza pale alitufungulia stoo, akasema mama paka amelia tangu mchana, ameingia na kutoka mpaka wateja wakauliza kuna nini. Tuliweka boksi nyuma ya makopo, tukarudi nyuma. Paka alikuja mbio tumbo likiwa karibu na sakafu. Akawanusa, akamlamba yule mdogo maziwa yaliyomgandia usoni, akajilaza kwa ubavu, nao wakamtafuta chuchu bila kuona. Alikuwa amevimba maziwa, maskini, na kila mmoja aliposhika chuchu, mama alifumba macho.

Mtoto wetu naye akaanza kulia. Mdogo wangu akakaa juu ya kopo la rangi, akafungua vifungo, akauma meno kwa maumivu, akanyonyesha.

Simu yake ikaita. Ni shemeji, anauliza kama paka wamefika salama.

"Wamefika," akamjibu, akakata.