Safari ya Saa Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota niko uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nimevaa joho la mahafali na kandambili. Nilikuwa nakwenda Bukoba kwa bibi yangu, Kokushubira. Masikio yake yalikwisha kumwacha, na macho nayo yalikuwa yanaaga. Alitaka anione na joho kabla hayajaondoka.

Mizani ya mizigo ikanisemesha.

"Wapi, msomi?"

"Bukoba."

"Zaidi ya kilomita elfu moja. Safari ni saa mbili. Umezileta?"

"Nimeleta nini?"

"Saa. Mbili."

Nikaionyesha mkono. Nilikuwa na saa moja tu, ya plastiki.

"Hiyo itakufikisha nusu ya njia. Chuoni hamkufundishwa kugawanya?"

Nikaona ina haki, nikapanda.

Kiti cha pili amekaa Umbali. Ni bwana mrefu kupita kiasi: magoti yako hapa, nyayo ziko Bukoba. Ananiomba radhi kwa kunibana.

"Si kosa lako," namwambia.

"Ahsante. Wengi hunilaumu."

Juu ya Tabora saa yangu inasimama. Ndege nayo inasimama, kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Rubani anatoka akijifuta mikono.

"Kaka, saa yako imekwisha. Sasa ni kupiga hodi. Mara tatu, kama ada. Usipoitikiwa, tunarudi."

"Bibi yangu hasikii."

"Ada ni ada."

Nafungua dirisha. "Hodi." Mawingu yanapisha. Kimya.

"Hodi, bibi. Ni mimi, Mutalemwa." Kimya.

Hodi ya tatu inatoka ndogo. Kimya. Umbali anatazama pembeni asinione nikilia. Ndege inaanza kugeuka.

Ndipo ikaja sauti ya bibi, taratibu, kama ya mtu anayechambua maharage: "Karibu."

"Amesikia," nikasema.

"Hajasikia," akasema Umbali. "Tangu masikio yamwache, kila jioni huuambia mlango wake karibu, asije mtu akapiga hodi akarudi bure."

Kisha akasimama. "Basi nimeambiwa niwe karibu. Sina budi." Akajikunja kama kanga, akajikunja tena, mpaka akaenea kwapani mwa rubani.

Mlango wa ndege ukafungukia jikoni kwa bibi. Akanitazama juu mpaka chini, akalipapasa joho.

"Mume wangu, wamekushonea gauni?"

"Ni joho, bibi."

Hakusikia. "Limekukaa hata hivyo. Haya, tafuna."

Akaniwekea kiganjani buni moja kavu ya kahawa, maana kwetu mgeni hupokewa hivyo. Nikaing'ata nusu.

Nikaamka bwenini. Joho lilikuwa limetundikwa ukutani, tayari kwa ndege ya asubuhi. Mdomo wangu ulikuwa mchungu. Juu ya mto palikuwa na nusu ya buni, ina alama ya jino.

Nikamtikisa Kaijage, ninayelala naye chumba kimoja.

"Kaka, niazime saa yako."

"Si unayo?"

"Ninayo moja."