Mtori wa Goodness

Goodness alirudi Kirua Vunjo akiwa amepasuliwa kupunguza tumbo, na mama mkwe akamtunza kama aliyetoka kujifungua: mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni. Vijiko vitatu tu, ameshiba!

Zita, mke wa kaka mkubwa wa mume wake, roho ilimuuma. "Mimi nilizaa mapacha, sikupikiwa hivi!" Kwa wivu akawa anayamaliza mabakuli yote jikoni, mwenzake asibakishiwe hata tone.

Goodness akapungua, akapendeza. Zita akanenepa hadi gauni la kanisani likakataa kufunga.

Jumapili moja mama mkwe akamkazia macho tumboni. "We Zita, mbona hukuniambia? Kaa, mwanangu. Kesho nakuchinjia mbuzi."

Zita akainamisha kichwa. "Niliona aibu, mama," akasema, akakaa.