Sahihi ya Tatu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile hata malaika angetukana.

Miezi minane nilikuwa nahangaika na kimeng'enya kimoja cha mizizi ya mmea. Hatukuchimba mizizi, tulichukua jeni ya mmea, tukaitia kwenye bakteria, wao wakatutengenezea. Kazi yake unaiona kwa macho: kidondoshe kwenye dawa ya rangi, dawa inageuka buluu. Watafiti hukitumia kwenye vipimo vyao. Buluu ya kwanza ilipotoka nililia, nikampigia mama simu, naye akauliza kama nimepata mchumba.

Asubuhi hiyo Profesa, mkuu wa maabara yetu, alileta wageni wawili waliotaka kukichukua. Akadondosha. Tukasubiri. Dawa haikubadilika hata kidogo.

"Huyu fundi wangu ana haraka mno," akawaambia wageni huku akicheka. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la makosa.

Daftari hilo alilianzisha mwenyewe. Aliyeharibu anaandika kosa lake, anatia sahihi. Zikifika tatu, unafungasha virago. Mimi nilikuwa nazo mbili, na moja ilikuwa ya friji iliyozimwa na mtu wa umeme! Akanisogezea kalamu mbele ya wageni.

"Sitii," nikasema.

"Binti yangu, usinitie aibu."

"Leo ndiyo nimekuwa binti yako? Nani kagusa chupa yangu?"

Nikaitwaa chupa ya maji ya chumvi ninayochanganyia kimeng'enya. Chini ya lebo yangu palikuwa na maandishi ya penseli, yale ya Profesa yaliyolala upande ambayo jengo zima linayajua: *nimetia azaidi, Ijumaa*.

Damu ikanipanda kichwani. Azaidi ni sumu ya kuzuia ukungu. Profesa ujana wake wote alitunza kingamwili, na huko ukitia azaidi unasifiwa. Kwenye kimeng'enya hiki, umekiua. Nilishamwambia, nikabandika na karatasi mlangoni kwa wino mwekundu.

"Nilikuwa nakusaidia," akanong'ona. "Maji yasiote ukungu."

"Unisaidie wewe, nifukuzwe mimi? Ebo!"

Nikaenda kwenye jokofu. Nyuma kabisa nilikuwa nimehifadhi kichupa kimoja cha akiba, nilichokichanganya kabla ya hiyo Ijumaa yake. Nikakiyeyusha kwenye kiganja, nikadondosha tone moja. Buluu! Buluu ya kutosha kufulia shuka. Mgeni wa kike akasema, "Loo!" akainama kutazama vizuri.

Profesa akapata tabasamu upesi. "Mnaona? Maabara yangu haishindwi." Na daftari akalifunga polepole, kana kwamba hakuna anayemwona.

Nikalifungua tena.

"Profesa, sheria ni yako. Aliyeharibu anaandika."

Akajipapasa mifuko yote akitafuta miwani. Ilikuwa kichwani. Wageni walikuwa wakimtazama. Nikamwonyesha miwani ilipo, nikamshikisha kalamu, nikasimama palepale mpaka akaandika neno la mwisho na kutia sahihi.

"Usijali, mzee wangu," nikamwambia. "Hiyo ni ya kwanza tu. Umebakiza mbili."